Sokulu Amechemka: Mbuzi za Mahari kutoka Vulamba hadi Mutwanga

Ndugu zangu wa Vulamba, tangu nirudi, kila mmoja wenu ananishika mkono sokoni na kuniuliza yaliyotokea njiani, na kila mmoja tayari ana habari yake. Wengine wanasema gari liliungua. Wengine wanasema tulikuwa tunauza chakula kandokando ya barabara. Wengine wanasema mbuzi ndiye aliyetengeneza gari, na hao, nasikitika kusema, hawako mbali na ukweli. Kwa hiyo nimekaa nikaandika. Msome kwa zamu, mniache ninywe chai yangu.

Sababu ya safari mnaijua: Kahindo wa Mutwanga, yule anayenunua kakao kwa wakulima. Zamani nilipita kwao nikiwa naenda mahali pengine, kama kawaida yangu, na tangu siku ile mahali pengine pote palipoteza ladha. Baba yake, Mzee Kakule, hana shida na mimi ila moja: anasema mimi ni mtu wa barabara. Tena ana sharti. Mbuzi za mahari zinapokelewa jua likiwa bado linaonekana, kwa sababu anayeleta mbuzi gizani anaficha kilema. Mara ya kwanza mvua ilikata barabara, hatukufika. Mara hii alituma neno kwamba jua likizama bila mbuzi, tusimsumbue tena. Na huko Bulongo kuna mwalimu mmoja aliyefiwa na mke, mtu mwenye heshima zake, ambaye mbuzi zake zilikuwa zimekwisha kunona, na kwake hadi kwa Mzee Kakule hahitaji hata gari.

Sisi tulihitaji gari. Gari lenyewe ni jeep ya binamu yangu Kasereka, tunayoiita Sokulu, yaani babu, kwa sababu inakohoa kabla ya kuamka na haipendi kuharakishwa.

Vulamba hadi Maboya

Tuliondoka asubuhi, na ukungu wa kwetu Butembo mnaujua, ule unaoingia mpaka ndani ya soksi. Kasereka na mimi tulikuwa nyuma tukipakia mbuzi, kazi ambayo haina heshima yoyote: unamwinua mmoja, wawili wanaruka chini. Shangazi Masika, dada ya marehemu baba yangu, alikuwa mbele akizunguka gari. Yeye ndiye alikuwa aseme kwa niaba yetu huko kwa wakwe, maana kwa desturi yetu anayeoa anafunga mdomo, na familia nzima ilikubali kwamba mimi nikifunguliwa mdomo nitaharibu.

Nilimwona ameinama mbele ya Sokulu, mkono umeingia chini ya ule wavu mzito wa chuma ambao fundi wa kuchomelea alimwekea ili kuzuia mawe. Nilidhani ananyunyiza maji ya baraka. Shangazi hasafiri bila kachupa kake.

"Tantine, tuende!" Kasereka alimwita Shangazi.

"Munifunikie magoti kwanza. Baridi gani hii? Na hii gari yako haina hata moto ya ndani."

"Moto ya ndani ilikufa, tantine."

"Hapa kwako nini haikukufa?"

Tukaenda. Kabla ya Maboya nilisikia harufu. Haikuwa harufu mbaya. Ilikuwa harufu ya jikoni, ya kitu kinachoiva ndani ya majani, na tumbo langu likaanza kuuliza maswali. Nilimtazama Shangazi na mfuko wake mkubwa aliokuwa ameupakata. Kisha Kasereka akagonga kioo cha saa ya joto kwa kidole.

"Sindano iko napanda."

"Ipande," alisema Shangazi. "Na sisi tuko napanda."

Maboya tulisimama kwa lazima. Moshi mweupe ulikuwa unatoka pande zote mbili za boneti. Kasereka alitufukuza wote, akangoja, akazungusha kifuniko cha radiateur, ile rejeta ya kupoza maji, kidogokidogo kwa kitambaa, maji yakapiga kelele kama nyoka. Wanawake waliokuwa wanauza maparachichi walikuja kutuzunguka, na mmoja akavuta pumzi, akatabasamu.

"Munauzisha liboke ya nini? Samaki?"

Liboke ni ile samaki inayofungwa kwenye majani na kuwekwa juu ya moto. Nilimwambia hatuuzi kitu.

"Eeh, baba, usinifiche! Nasikia harufu. Ata kama ni moja, nipe, nitalipa."

"Mama, hii ni jeep imechemka."

"Jeep inachemka na ndizi ndani?" Wenzake wakacheka mpaka mbuzi wakajibu. Mwishowe alinilazimisha ninunue maparachichi kwa hasira, kama adhabu.

Maboya hadi Beni, kwa kuteremka Kabasha

Mlima wa Kabasha nilikuwa naushuka nikiwa kijana, nimelala juu ya magunia ya kahawa kwenye malori makubwa, wakati ule ambapo lori likikwama tulikaa pale mpaka tunajua majina ya watoto wa kijiji. Nilianza kumsimulia Kasereka, akaniambia ninyamaze, yeye anasikiliza mtambo wa gari.

Kuteremka, sindano ilirudi chini. Kasereka alikuwa ametia maji mapya na gari lilikuwa linajiachia tu kwenye mteremko, bila kazi. Lakini Shangazi alikuwa na maelezo yake.

"Ni rozari. Nilianza ku juu ya mulima."

"Wasingya, tantine," alisema Kasereka, yaani asante.

Chini ya mlima, barabara ilipolala sawa na hewa ikawa nzito, sindano ikapanda tena, na harufu nayo. Sasa ilikuwa kali, kama mtu amefungua sufuria. Tulifika kwenye kizuizi, askari kijana akaweka kichwa dirishani. Hakuuliza chochote cha gari.

"Mama, bonjour. Liboke wapi?"

"Liboke gani, mwana yangu?"

"Mama, mimi njaa. Pua yangu haidanganyi."

Shangazi alimpa parachichi moja na neno la Mungu. Aliyapokea yote mawili, lakini tulipoondoka nilimwona bado anatutazama kama watu wachoyo.

Simu yangu ililia. Kahindo.

"Umefika wapi?"

"Chini ya Kabasha."

"Bado Kabasha? Mwalimu amefika."

"Amefika kufanya nini?"

"Kusalimia tu. Baba amemupa kiti. Ile kiti nzuri." Akakata.

Beni, mchana

Mjini Beni Kasereka alitupeleka kwa fundi mmoja ambaye watu wanamwita Docteur, na ambaye anapenda sana jina hilo. Docteur hakugusa gari kwanza. Aliweka mikono nyuma, akazunguka, akafunga macho.

"Calorstat," alisema.

Calorstat, kwa wasiojua, ni kale kamlango kadogo kanakozuia maji yasiende kwenye radiateur mpaka mtambo upate moto. Kakigoma kufunguka, maji hayatembei na gari linachemka.

"Hakuna calorstat," alisema Kasereka. "Niliitosha zamani, nikaitupa."

"Uliitosha?"

"Kila mutu anatosha."

"Donc, hiyo njo sababu! Mutambo bila calorstat, maji inapita mbio, haipate wakati ya kupoa."

"Shi umesema ni calorstat njo inachemsha?"

"Ikiwa ndani, ikiharibika, inachemsha. Ikiwa inje, inachemsha pia."

"Basi iko muzuri fasi gani?"

"Ku magazini, fasi inauzishwa," alisema Docteur, na wasaidizi wake wakampigia makofi.

Hata hivyo alifanya kazi. Alitazama mafuta: safi, hayakuchanganyika na maji. Aliwasha mtambo kifuniko kikiwa wazi, akatazama kama mapovu yanapanda, maana mapovu ni dalili ya joint ya culasse, ile gasketi ya kichwa cha mtambo, iliyoungua, na joint ikiungua safari imeisha na harusi pamoja nayo. Hapakuwa na mapovu. Alikaza mkanda wa panga la hewa, yaani feni, akafuta mikono, akasema "c'est bon", mambo sawa, akavuta pumzi ndefu.

"Na ile chakula muko nayo, hamutatuonjesha?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Kasereka na mimi tulikuwa tumekaa kwenye banda la jirani tukila mishikaki ya mbuzi na ndizi ya kuchoma, na Shangazi alikuwa ametukataza mara mbili: "Munakula mbuzi mbele ya mbuzi? Mutawaambia nini hawa?" Nilikuwa nimeshiba, na mtu aliyeshiba ana ujasiri. Nikamwambia:

"Tantine, kama kuna liboke ku mufuko, toa tu. Mji wote umejua."

Shangazi alisimama. Akaweka mfuko juu ya benchi, mbele ya Docteur, wasaidizi, mama wa mishikaki na mtu mmoja aliyekuja kununua mafuta. Akatoa kitu kimoja kimoja: kikwembe, yaani kitenge, cha zawadi kwa mama mkwe, rozari, sabuni, kachupa ka maji ya baraka, viatu vya sherehe. Akageuza mfuko, akaukung'uta. Punje moja ya mchele ilianguka.

"Liboke njo hii?"

Akaanza kurudisha vitu mfukoni, kimoja kimoja.

"Mutoto wa kaka yangu ananiita mwizi wa chakula ku safari ya kuoa bibi yake. Sasa muniombe radhi. Wote."

Tukaomba radhi. Hata yule wa mafuta aliomba.

Beni hadi daraja la Semuliki

Kutoka Beni barabara ya Kasindi inashuka ndani ya bonde, na joto la kule si la kwetu. Sisi watu wa Butembo tukifika pale tunavua koti la kwanza, la pili, halafu tunatafuta kama kuna la tatu. Sokulu alivumilia kidogo. Kisha sindano ikapanda, ikapita mstari mwekundu, ikalala upande wa pili kama mtu aliyekata tamaa. Kasereka aliegesha karibu na daraja, akazima.

Jua lilikuwa limeshainama. Barabara ile haisafiriwi giza likiingia, mnajua sababu, wale wenye bunduki, kwa hiyo hata bila Mzee Kakule tusingeweza kungoja sana.

Tuliwashusha mbuzi wapate kivuli. Simu ikalia.

"Uko wapi?"

"Semuliki."

"Mwalimu anakunywa chai ya pili," alisema Kahindo. Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ndogo. "Paluku, ufike. Baba hana mchezo leo. Amekaa anaangalia mlango."

Nilirudi kwa Kasereka. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya mtambo, akipapasa mipira ya maji kwa kitambaa.

"Wa juu, moto. Wa chini, moto vile vile," alisema. "Maji iko natembea vizuri. Inaingia ku radiateur na moto, inatoka na moto. Donc shida si maji."

"Ni nini?"

"Ni hewa. Moto haina njia ya kutoka." Akashuka. "Kama mutambo inaguruma, panga inavuta hewa kutoka mbele. Ukiweka kitambaa chepesi mbele, kinapaswa kunata. Kisiponata, kuko kitu kinaziba. Tantine, niazime kitambaa cha kichwa."

Shangazi, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatoa amri bila kuulizwa, alikishika kitambaa kwa mikono miwili.

"Tantine?"

"Nywele zangu hazikusukwa."

"Ni dakika moja tu."

"Hapa, mbele ya batu?"

Watu wenyewe walikuwa sisi wawili na mbuzi. Nilimtazama. Alikuwa anautazama mto Semuliki kwa makini sana, kama mtu anayetaka kuununua.

Wakati huo mbuzi mmoja, beberu mwenye ndevu za kahawia, alikuwa amesimama mbele ya Sokulu, ameingiza pua chini ya wavu wa chuma. Akavuta. Kikatoka kipande cha kitu cheusi kinachotoa mvuke. Akatafuna, akafikiri, akavuta tena. Wenzake wakaja. Lilitoka jani la mgomba zima, limeiva, laini, linanukia. Likafuata la pili, la tatu, yamekunjwa vizuri kama shuka za hospitali.

Kasereka alipiga magoti, akaingiza mkono mpaka begani, akaendelea kutoa. Mgomba mzima ulikuwa mle ndani.

Mbuzi walikuwa wanakula.

"Bwana yangu," alisema Shangazi hatimaye, bado akiutazama mto, "alifanya vile ku lori yake miaka yote, kule Masereka. Kila asubuhi. Majani ya ndizi mbele, mutambo inapata moto mbio. Hakuna siku ilimusumbua."

"Masereka, tantine!" Kasereka alishika kichwa. "Kule juu viazi vyenyewe vinasikia baridi! Na yeye alikuwa anayatosha jua likipanda!"

"Sasa mimi ningejua namna gani? Wakati wa kuyatosha nilikuwa nimerudi kulala." Akatugeukia. "Asubuhi nilisikia baridi. Nikaona na huyu muzee anasikia baridi. Nikamuvalisha. Ni dhambi?"

Kicheko kilinianzia tumboni, nikajizuia, lakini Kasereka alishindwa, akakaa chini kwenye vumbi, akacheka mpaka machozi. Nikasema:

"Tantine, na ile radhi tulikuomba Beni?"

"Mulisema kuko liboke ku mufuko. Kulikuwa liboke ku mufuko?"

"Hapana."

"Basi radhi yangu inabaki fasi yake."

Nilitaka tuondoke hapohapo. Kasereka alikataa. Nilikuwa nimeshachota maji mtoni kwa bidoni, yaani dumu, nakimbia nayo, akanizuia kwa kifua.

"Ukimwaga hii baridi ndani ya chuma ya moto, culasse inapasuka. Halafu utamuoa huyu beberu."

"Jua linaenda!"

"Liende. Wewe ukae."

Nimekaa kwenye barabara nyingi maishani, nimengoja barabara zikauke, vivuko virudi, madereva walevi waamke, na sikuwahi kuona ubaya wa kungoja. Pale Semuliki niliujua. Kasereka alifungua boneti, akaacha upepo upite, akagusa, akangoja, akagusa tena. Alipoona anaweza kuacha kiganja juu ya radiateur bila kukitoa, aliwasha mtambo uzunguke polepole, akamimina maji kidogo, kidogo, kidogo. Shangazi alifungua kitambaa cha kichwa mwenyewe bila kuombwa tena, akakiweka mbele ya wavu. Kikanata pale, kimekakamaa.

"Sasa anapumua," alisema. Nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri kabisa.

Daraja hadi Mutwanga

Sindano ilikaa katikati, haikusogea tena. Tulipita Bulongo, na nilikuwa nautazama mlima mbele yetu na kivuli cha gari kinachotutangulia, kinarefuka, kinapanda juu ya migomba, kinafifia. Mutwanga tulipoingia, ua wa Mzee Kakule ulikuwa tayari umeingia kivulini. Jua lilikuwa limeanguka nyuma yetu, upande wa Beni.

Watu walikuwa wamejaa. Mwalimu alikuwa kwenye kiti kizuri. Msemaji wa familia yao, mzee mmoja mwembamba mwenye fimbo, alitoka mpaka kwenye mlango wa ua na kuuziba kwa fimbo ile.

"Karibuni wageni. Lakini mbuzi hapana. Jua imezama."

Nilifungua mdomo. Shangazi alinikanyaga mguu, kwa vile viatu vya sherehe.

"Wababa, tunawasalimia," alisema. "Tumekawia, sitasema hatukukawia. Lakini niwaulize neno moja tu. Hii mulima iko ya nani?"

"Mulima gani?"

Akaonyesha kwa kidole. Nyuma ya nyumba, Rwenzori ilikuwa imesimama, na mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo. Huku chini tulikuwa kivulini, lakini mabega yake ya juu bado yalikuwa mekundu, yanawaka.

"Ya kwetu!" alisema mzee mwembamba kwa fahari, kabla hajafikiri. "Iko ya nani tena? Ya Mutwanga!"

"Wasingya. Basi jua ingali kwenu. Ama munataka tuseme juu kule ni ya Uganda?"

Ua mzima ulinguruma. Mtu wa Mutwanga anaweza kukupa shamba, kuku na kitanda chake, lakini mlima huo hatamwachia mtu. Mzee Kakule aliinuka polepole, akatoka mpaka uani, akautazama mlima muda mrefu, kama hajawahi kuuona.

"Leteni mbuzi," alisema. "Mbio, mbio, kabla haijazimika."

Hapo watu walikimbia. Mbuzi walishushwa na kila mkono uliokuwepo, Kasereka anapiga kelele, watoto wanashika pembe. Mwalimu mwenyewe aliacha kiti akamshika beberu mwenye ndevu, na nilimpenda kidogo kwa hilo. Mzee Kakule aliwapapasa mmoja mmoja, miguu, meno, masikio, akiinua macho mlimani kati ya mbuzi na mbuzi. Wa mwisho alipopita, kule juu kulikuwa kumebaki kamstari tu ka rangi.

Halafu alinigeukia mimi. Hakupaswa, maana anayeoa hasemi. Aliniuliza tu, mbele ya wote:

"Na wewe, kisha hapa unaenda wapi?"

Kahindo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imejaa unga. Shangazi hakunikanyaga.

Nilikuwa na majibu mengi. Nimeulizwa swali hilo kwenye kila kivuko na kila kituo, na siku zote nimekuwa na jina la mji mdomoni.

"Nimefika, baba," nilisema.

Mzee Kakule akamtazama binti yake.

"Mupe chai," alisema, "kabla hajageuza mawazo."